Makumbusho ambako mtoto haangalii filamu peke yake

Mtoto akilia anapewa simu. Mama akipika, simu. Safari ikiwa ndefu, simu. Katuni moja ikiisha nyingine inajianzisha, na mzazi anapokuja kushtuka saa nzima imepita.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili hashauriwi kukaa mbele ya skrini. Wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

Lakini jambo si saa tu. Namna mtoto anavyotazama nayo ina uzito, na hilo linaonekana vizuri Museum of the Moving Image, makumbusho ya filamu na televisheni yaliyopo Astoria, Queens, jijini New York, Marekani.

Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1988, katika jengo lililokuwa sehemu ya studio za filamu za miaka ya 1920. Studio za jirani bado zinafanya kazi, na ndiko kipindi cha watoto cha Sesame Street kimerekodiwa kwa miaka mingi.

Filamu inaanza, filamu inaisha

Ndani kuna chumba kidogo cha sinema kiitwacho Tut's Fever, kilichopambwa kwa michoro ya Misri ya kale kama majumba ya sinema ya zamani. Humo huonyeshwa filamu fupi za enzi hizo. Familia inaketi pamoja, taa zinafifia, watu wanacheka kwa pamoja. Filamu ikiisha, imeisha. Hakuna nyingine inayojianzisha, na mtoto ananyanyuka na maswali mdomoni.

Maswali hayo yanajibiwa kwa mikono. Kwenye maonyesho ya kudumu, mtoto anasogeza vipande vya karatasi kidogo kidogo, anapiga picha kila hatua, kisha anaona vipande vikitembea. Hapo anaelewa kwamba sekunde moja ya filamu ya sinema huwa na picha 24. Pengine anaingiza sauti yake mahali pa sauti ya mwigizaji.

Wadogo huvutwa zaidi na maonyesho ya Jim Henson, mtengenezaji wa vikaragosi vya Kermit na wenzake. Wanaweza kutengeneza sura ya kikaragosi na kujaribu kukichezesha mbele ya kamera. Wazazi wa Tanzania wanaokumbuka Kilimani Sesame, kipindi cha Kiswahili kilichofundisha watoto kujikinga na malaria, watatambua ukoo huo.

Tahadhari moja: kuna sanamu inayozunguka chini ya taa za kumwekamweka ili ionekane hai. Mwanga wa namna hiyo unaweza kuamsha degedege kwa baadhi ya watu wenye kifafa. Mzazi mwenye mtoto wa hali hiyo aulize wahudumu kabla ya kuingia.

Nyumbani inawezekana

Wengi wetu hatutafika Astoria, ila somo lake halihitaji nauli. Chagua filamu fupi ya dakika tano au kumi inayolingana na umri wa mtoto. Zima uwezo wa video kujianzisha. Kaa naye, ikiwezekana na ndugu zake, muitazame hadi mwisho, kisha weka simu mbali. Muulize nani alimfurahisha, nani alimwogopesha, na angependa iishe vipi.

Halafu mpe daftari la zamani. Achore mpira kwenye pembe ya kila ukurasa, kila mara ukiwa juu kidogo kuliko ukurasa uliotangulia. Kurasa ishirini zinatosha. Akizipitisha haraka kwa kidole gumba, mpira utapaa, na itakuwa filamu yake ya kwanza.