Paka wa Roma

Mgeni afikaye Roma huonyeshwa uwanja uitwao Largo di Torre Argentina. Hapo, chini ya kimo cha barabara, yamo mabomoko ya mahekalu manne ya kale. Na karibu nayo ndipo alipouawa Julius Caesar, mwaka 44 kabla ya Kristo. Leo wenyeji wa mahali hapo ni paka. Huota jua juu ya mawe, hata mtu hudhani wamerithi makao hayo kwa babu zao.

Lakini tusidanganyike. Zamani zile paka hakuwa na heshima hiyo. Mbwa ndiye aliyelinda mlango, na mara nyingi panya waliwindwa na mnyama mwembamba wa jamii ya kicheche, aliyefugwa nyumbani. Paka alijulikana hasa kuwa mnyama wa Misri. Mgiriki Herodotus, wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba huko Misri paka wa nyumbani akifa, jamaa yote hunyoa nyusi.

Mgeni asiyejali mambo hayo aliweza kuponzwa. Yapata mwaka 60 kabla ya Kristo, Diodorus wa Sicilia aliona kwa macho yake habari ya Mroma aliyeua paka huko Misri, naye hakukusudia. Watu wakakimbilia nyumba yake kwa hasira. Mfalme, aliyetafuta urafiki wa Roma, akatuma wakubwa wake kumwombea, haikufaa kitu. Hofu ya dola ile kuu haikumwokoa.

Huko Italia paka alipata nafasi yake polepole, kwa kazi. Katika makumbusho ya Napoli imo picha ya vijiwe vya rangi iliyotoka Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya Vesuvius mwaka 79: paka amemkamata ndege. Pale si mungu, ni mwindaji tu. Baadaye Palladius, mwalimu wa kilimo, aliwashauri wakulima waweke paka bustanini, wawakamate fuko.

Basi, wasomaji wapenzi, Mroma yule alipotezwa na kitu kidogo machoni pake, kikubwa machoni pa wenyeji. Ufikapo ugenini, uliza kwanza watu wa huko wanaheshimu nini. Na ukifika Roma, angalia pia: tangu mwaka 1991 sheria ya Italia inakataza kuwatesa paka wasio na mwenyewe.