Kamba ya Mibuni Katika Kambi ya Wakimbizi

Mwaka 1994 nilikuwa bwana shamba Karagwe, wakati Kyerwa ikiwa bado sehemu ya wilaya yetu. Ilikuja kuwa wilaya mwaka 2012. Kazi yangu ilikuwa kahawa na migomba: kupogolea mibuni, kutandaza nyasi shambani, kuwahimiza wakulima waanike kahawa ya maganda juu ya mikeka. Habari za kupokea wakimbizi hatukuzigusa kabisa chuoni.

Mwishoni mwa Aprili, watu wapatao robo milioni waliokimbia mauaji na vita nchini Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara katika muda wa siku moja hivi. Mto Kagera ulikuwa unachukua maiti za waliouawa huko kuelekea Ziwa Viktoria. Kwetu nako watu waliendelea kuingia, zikafunguliwa kambi Kagenyi, Rubwera na Chabalisa, hadi wilaya ikahifadhi zaidi ya laki moja. Watumishi tukaitwa, kila mmoja na fani yake, tukagawiwa majukumu. Mimi nikaambiwa nisaidie kupima viwanja vya kambi na mahali pa kuchimba vyoo.

Nilimfuata fundi wa maji ambaye alikwisha kufanya kazi kambini kwingine. Akanieleza kwamba choo kikae angalau mita 30 kutoka kisimani, tena upande wa chini wa mteremko. Habari ya mteremko niliielewa papo hapo, maana ndiyo niliyokuwa nikiwafundisha wakulima kila masika. Nikatoa kamba yangu ya kupimia mashimo ya mibuni, yenye fundo kila baada ya mita 3. Mafundo kumi yakawa mita 30. Vijana wa kambini wakashika ncha huku na huku, mimi nikapigilia vigingi, na kabla ya jua kuzama mstari wa kwanza ulikuwa umenyooka.

Mzee mmoja wa kijijini, aliyewakumbuka Wanyarwanda waliokuja miaka ya 1960, aliniita pembeni. "Bwana shamba," akasema, "vibanda watajenga wenyewe. Wewe angalia maji na kuni. Hapo ndipo sisi na wageni tutakapogombana." Nikaupeleka ushauri wake kwenye kikao. Tukakubaliana na wazee miti ipi isiguswe, hasa iliyozunguka chemchemi, tukaizungushia alama. Si yote iliyosalimika, lakini pale ambapo wenyeji walishirikishwa mapema, ugomvi ulipungua.

Yapo ambayo ujuzi wangu haukuyafikia. Miongoni mwa waliokuja walikuwamo waliokimbia kifo, na walikuwamo waliotoka kuua. Hilo lilihitaji dola na sheria, na lilituelemea hadi kambi zilipofungwa Desemba 1996.

Mwaka 1997 mashirika ya misaada duniani yalianzisha mradi wa Sphere wa kuandika viwango vya maji, vyoo, chakula na makazi, yakichota mafunzo kutokana na janga lile. Siku hizi mtumishi anayepelekwa kambini ana kitabu cha kushika. Nafurahi kwamba anacho. Hata hivyo, kitabu hakijui chemchemi ipi hukauka Agosti wala ni mzee gani akisema kijiji kinamsikiliza. Kwa hiyo kila kijana wa ofisini anayekabidhiwa mradi asioujua namwambia yaleyale: mtafute aliyewahi kuufanya, msikilize anayeishi mahali pale, kisha angalia ni kipi katika ufundi wako wa zamani kinachofaa. Na kiongozi anayempangia mtu kazi ngeni amwonyeshe, siku hiyohiyo, wa kumuuliza.