Kabla ya Julai

Msimu wa uwindaji katika Pori la Akiba Rungwa hufunguliwa Julai 1, lakini sisi vibarua huanza mapema. Mvua zikikatika tu, tunaondoka Itigi na mapanga, majembe na vibali vyetu. Tunang'oa visiki barabarani, tunajenga vibanda vya kambi, kisha tunachoma nyasi. Moto una elimu yake. Nyasi zichomwe zikiwa bado na ubichi, ili moto utembee polepole na usipande kwenye miyombo. Baada ya wiki chache majani mapya huchipua, na palahala na pofu huyafuata. Anayengoja hadi Agosti huteketeza pori. Mbung'o wao hawana msimu, wanauma mwaka mzima.

Mwaka mmoja tulikuwa tukisafisha njia ya kwenda majini. Aliyetangulia akasimama ghafla. Mtini palikuwa na kitanzi cha waya wenye kutu, na ndani yake shingo ya swala. Ngozi ilikuwa bado ina manyoya. Askari wa wanyamapori alimtazama swala. Sisi tulitazama fundo. Lilizungushwa mara tatu, ncha ikarudishwa ndani. Tulilijua, kwa sababu lilikuwa la mikono yetu.

Wapendwa, zamani tuliingia pori lile usiku kutega. Baadaye tuliokoka, tukatubu mbele ya kanisa, tukabatizwa, kina mama wakapiga vigelegele. Nyaya tuliziacha porini. Miaka yote tuliyokuwa tukiimba kwaya, mitego yetu ilikuwa kazini.

Usiku ule tulibishana kando ya moto. Mmoja wetu alisema Mungu amekwisha kusamehe, kwa nini tujipeleke jela wenyewe? Ada za watoto zilitegemea kibarua kile, na wake zetu walikwisha kukopa unga dukani. Maneno yakawa makali. Ndipo mzee wetu wa kanisa, ambaye hakuwahi kutega, akauliza, "Kwani mlifunga ngapi?"

Hakuna aliyejua.

Asubuhi tulimweleza askari. Alinyamaza muda mrefu, wala hakutuahidi lolote. Alisema tu, "Haya, tangulieni." Tulizunguka siku tatu kwenye mapito tuliyoyakumbuka. Mti mmoja tuliutambua kwa mzinga wa nyuki uliokuwa juu yake. Tulitegua nyaya 17, nyingine zimezama ndani ya gome la mti, ikabidi tuzichimbue kwa ncha ya panga.

Mwaka uliofuata wawili wetu hawakuitwa tena kazini. Hatukuambiwa sababu, nasi hatukuuliza. Mashamba yao tuliyalima sisi.

Siku hizi, kabla ya kunoa mapanga, tunakaa kanisani jioni moja na kila mtu anataja mapito anayoyakumbuka, hata kama hana hakika nayo. Kisha tunayaandika kwenye daftari, na tukifika porini tunayapitia pamoja na askari.

Mwaka huu tumepata waya mmoja.