Gari la mvuke lililomshinda mwenyewe kwa umri

Wazazi wanaoingia na watoto kwenye makumbusho ya Arts et Métiers, jijini Paris, hukuta dude la mbao lenye magurudumu matatu. Mbele limebeba birika kubwa la kuchemshia maji, mithili ya sufuria la pilau ya harusi.

Ni gari la Nicolas-Joseph Cugnot, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, lililoundwa mwaka 1770 ili kubeba mizinga. Lilikwenda kama kilomita 4 kwa saa, mwendo wa mtoto asiyetaka shule, kisha likasimama kusubiri mvuke ujae tena. Kwa uzito ule wa mbele, kukata kona ilikuwa shughuli. Kisa cha kugonga ukuta kinapendwa sana, ingawa wanahistoria wanakitilia shaka.

Jeshi liliachana nalo. Cugnot alipewa na mfalme pensheni ya livre 600 kwa mwaka. Mapinduzi yalipokuja ikakatwa, akahamia Brussels akiwa fukara. Alirudi Paris na kufariki mwaka 1804.

Kijijini kwao Void, mashariki mwa Ufaransa, ipo nakala iliyoundwa mwaka 2010. Ukiwashwa moto, inatembea.