Kioo Kilichofungwa Kiwandani

Kati ya mwaka 2010 na 2012 nilijifunza ufundi wa televisheni kwa bwana tuliyemwita Fundi, kwenye chumba cha uani, nyuma ya Mtaa wa Livingstone, Kariakoo. Mzigo wetu ulikuwa TV za plazma zilizotumika, nyingi zimepitia Dubai au Ulaya. Guta likifika mlangoni, tulipokea watu wawili wawili, maana ya inchi 42 ilizidi kilo thelathini.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Shika chini, usiminye kioo."

Wateja wetu wakubwa walikuwa wenye vibanda umiza vya kuonyeshea mpira. Kombe la Dunia la 2010 lilikuwa Afrika Kusini, na kuanzia Buguruni hadi Manzese kila mwenye kibanda alitaka kuachana na TV ya chogo. Waliichagua plazma kwa sababu aliyebanwa kwenye benchi la pembeni kabisa aliona rangi zilezile za aliyekaa katikati, na mpira ukipigwa kwa nguvu haukuburuta mkia kama kwenye LCD za wakati ule. Ubaya wake ulijitokeza baadaye. Kisanduku cha matokeo, kwa kukaa kona moja kutwa nzima, kiliacha alama isiyofutika. Uliweka kwaya ya Jumapili, na kivuli cha magoli bado kipo.

Mgao wa umeme wa 2011 ulitujazia meza. Umeme uliporudi kwa kishindo, mara nyingi iliungua bodi inayosukuma karibu volti 200 kwenye kioo. Fundi aliisaka hitilafu kwa testa, akang'oa transista zilizokufa na kupachika nyingine kutoka TV iliyokwisha. Bodi tulizimudu. Kioo chenyewe hatukukimudu, wala sijaona fundi wa mtaani aliyekimudu.

Ndipo ikaletwa plazma moja iliyopasuka kona. Fundi alitandika magazeti, akatufunga vitambaa puani, akatenganisha vioo viwili vilivyogandana. Nikapitisha ukucha kwenye kile cha nyuma: vijituta vyembamba, mamia kwa mamia, vimesimama sambamba toka juu hadi chini, na kati yao mifereji yenye unga. Nilitazamia wekundu, kijani na buluu. Unga wote ulikuwa mweupe. Rangi huja unapowaka tu. Kwenye kona, mgongoni, kulikuwa na chuchu ya kioo fupi kuliko pingili ya kidole, ncha yake imeyeyushwa.

"Hapa ndipo walipomalizia," Fundi akasema. "Hewa imenyonywa hapa, gesi ikaingilia hapa, wakaziba kwa moto."

Hivyo utengenezaji wa plazma niliujua kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Kioo cha mbele kilipangwa elektrodi zinazopitisha mwanga, zikafunikwa tabaka la kuhami na utando wa oksidi ya magnesiamu. Cha nyuma kiliwekwa elektrodi zinazokatisha zile za mbele, vikajengwa vijituta vyenye kimo cha kama sehemu ya kumi ya milimita, kisha mifereji ikajazwa fosfa za rangi tatu. Vioo vililinganishwa na kuunganishwa tanurini kwa unga wa kioo unaoyeyuka kwenye nyuzi joto zipatazo 450, hewa ikatolewa, ikaingizwa mchanganyiko wa neoni na zenoni. Umeme ukipita, gesi hutoa miale ya urujuanimno ambayo jicho haliioni. Miale hupiga unga, unga hung'aa. Vumbi kidogo tu likiingia kabla ya kufungwa, sehemu ile imeharibika. Nilitazama vumbi la Kariakoo lililotanda kwenye meza yetu nikaelewa kwa nini kazi ile ilifanyiwa kwenye vyumba vinavyochujwa hewa.

Kioo cha kwanza cha aina hii kilizaliwa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 1964, mikononi mwa Donald Bitzer, Gene Slottow na mwanafunzi Robert Willson, kwa ajili ya kompyuta ya kufundishia iitwayo PLATO. Nilipomsimulia Fundi historia hiyo, yeye akaanza habari za redio za National zilizomlea kiufundi, zilizotoka kiwanda cha Matsushita cha hapa hapa Dar es Salaam. Matsushita ndiyo Panasonic, waliokuja kuwa wakubwa wa plazma. Redio na betri walizileta kuzitengenezea kwetu. Kioo kilibaki kwao.

Panasonic waliacha kutengeneza plazma mwishoni mwa 2013, Samsung na LG wakafuata mwaka uliofuata. LCD ilikuwa nyepesi, rahisi, na haikula umeme kama plazma. Plazma ikapita bila kioo hata kimoja kufungwa Afrika Mashariki. Hilo linaniuma hadi leo, kwa kuwa mikono niliyoiona Kariakoo haikukosa akili wala subira. Ningetaka kila chuo cha ufundi, kuanzia VETA Chang'ombe, kiwe na kioo kimoja kilichofunguliwa, mwanafunzi akishike, kisha apewe kazi ya kuchora tanuri ambalo lingeweza kukifunga.