Sitini Kaskazini

Ukifika digrii sitini kaskazini, dunia imepungua nusu. Mzingo wa ikweta ni kama kilomita 40,000. Mstari huu una kama 20,000 tu. Ninasoma shahada ya umahiri ya jiografia hapa Dar es Salaam, kwa hiyo hesabu hiyo naijua siku nyingi. Ila kuutembea mstari wenyewe nilianza mwaka huu, usiku, tasnifu inapogoma. Penye barabara natumia Google Street View, pasipo na barabara picha za setilaiti.

Nilianzia Mousa, kisiwa kidogo cha Shetland chenye mnara wa mawe wa miaka kama elfu mbili, nikaelekea magharibi kwa makusudi. Nilitaka Helsinki iwe ya mwisho. Ndiko aliko Mama Mdogo.

Greenland niliikata kwenye ncha yake ya kusini, dakika chache tu. Kanada ndiko nilikokaa. Huko mstari huu ndio mpaka unaotenganisha Yukon na British Columbia, na kaskazini yake kidogo upo mji wa Watson Lake. Mwaka 1942 askari wa Marekani aitwaye Carl Lindley, aliyekuwa akijenga barabara ya Alaska, alishikwa na hamu ya kwao, akasimamisha kibao kinachoelekeza mji wake. Wapita njia wakaongeza vyao. Leo ni msitu wa vibao, maelfu kwa maelfu. Nilipoteza usiku mzima nikitafuta kilichoandikwa Kondoa. (Hakipo. Au kipo nyuma ya kingine.)

Baada ya Alaska ni bahari, kisha Magadan, bandari walikoshushwa wafungwa wa enzi za Stalin wakipelekwa migodi ya dhahabu ya Kolyma. Kutoka hapo Siberia haina mwisho: miti, mto, miti.

Helsinki. Saa zetu za Kiswahili hazifanyi kazi kule. Sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza, lakini Desemba saa moja asubuhi ya Helsinki ni giza totoro. Jua linatoka saa tatu na nusu, na saa tisa na robo limeshazama. Juni linatoka kabla ya saa kumi alfajiri. Mama Mdogo ameishi hivyo miaka kumi na miwili, akiwahudumia wazee zamu za usiku. Bibi alipofariki hakuweza kuja. Karatasi zake zilikuwa bado zinashughulikiwa, na angetoka asingeruhusiwa kurudi.

Nikampigia nikiwa mtaani kwake, kwenye skrini.

"Shikamoo Mama Mdogo. Niko nje ya jengo lako."

"Marahaba. Acha utani."

Nikamtajia duka la dawa, baiskeli ya kijani, mti uliojaa majani. Akanyamaza.

"Geuka kushoto. Unaona benchi?"

Nikaliona. Lilikuwa tupu, jua la kiangazi likilipiga.

"Hapo ndipo nilipokaa siku mlipomzika mama. Nilikuwa nimetoka zamuni. Mjomba wako aliniwekea simu kaburini nisikie, nikasikia upepo tu, na majembe. Kulikuwa na theluji, mwanangu. Hiyo picha yako imepigwa lini?"

Nikasoma pembeni: Julai.

"Basi isogeze," akasema. "Nioneshe na kule nyuma, kwenye kituo cha basi."