Sukari Kilo Mbili na Swali la Mama

Wasomaji wapenzi, leo nataka kuwasimulia jambo lililotokea kati yangu na mama yangu mzazi wakati wa korona. Nimelikalia muda mrefu kwa sababu ndani yake mimi ndiye niliyekosea, na si rahisi mtu kuandika makosa yake yasomwe na watu. Lakini naona linaweza kumfaa mzazi au mwanafunzi fulani, kwa hiyo bismillahi.

Mimi naishi Busia upande wa Kenya, nina duka dogo la leso na vyombo karibu na mpaka. Mama anaishi Tororo, Uganda. Kwa asiyeijua njia hiyo, si mbali. Unavuka mpaka kwa miguu, unapanda gari, na kabla hujamaliza habari na jirani yako wa kiti unauona mwamba wa Tororo umesimama mbele yako. Sisi watu wa mpakani tumezoea kwenda na kurudi, harusi huku, matanga kule. Korona ilipoingia mwaka 2020 ndipo tulipojua kwamba mpaka ni mpaka kweli. Kukawa na vipimo na vyeti, malori yakajipanga Malaba na Busia kilomita na kilomita, na mimi na mama tukabaki kusalimiana kwa simu.

Chanjo ilianza kutolewa Kenya tarehe 5 Machi 2021, na Uganda siku chache baadaye, tarehe 10. Mimi nilichanjwa mwaka huo huo. Mama alikuwa amepita miaka 60 na ana presha, kwa hiyo yeye ndiye aliyestahili kutangulia, lakini hakutaka hata kusikia. Nikimtajia tu, ananiuliza habari za wajukuu.

Mwezi Novemba 2021 Waziri wa Afya wa Kenya alitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Disemba asiyechanjwa hatahudumiwa katika ofisi za serikali. Mahakama Kuu ilisimamisha amri hiyo kabla haijaanza, lakini hofu ilikuwa imeshaingia. Jirani yangu mmoja alinionyesha cheti chake huku akicheka. Alikuwa amekipata kwa njia anazozijua mwenyewe, bila sindano kumgusa. Sikucheka, kwa sababu nyumbani kwake alikuwamo baba yake mzee. Yule bwana alikuwa ametakiwa aonyeshe karatasi, naye akatafuta karatasi. Mwili wake ulibaki vile vile, na baba yake alibaki katika hatari ile ile.

Mimi nikajiona mwerevu kuliko yeye. Nikasema, mama hatatishwa, mama atapewa zawadi. Nikampigia simu nikamwambia, "Mama, ukichanjwa nakuletea sukari kilo mbili na leso mpya, ile uliyoipenda."

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia, "Binti yangu, ulipokuwa mdogo nilikupeleka sindano ya surua, nauli nikatoa mimi. Hakuna aliyenipa hata kiberiti. Hii ina nini mpaka inanunuliwa?"

Nilikosa jibu. Nikakasirika, tena nikamjibu kwa sauti ambayo mtoto hapaswi kumjibu nayo mama yake. Tukakaa karibu wiki mbili bila kuongea. Astaghfirullah, mama yangu ana presha, yuko ng'ambo ya mpaka, ugonjwa unazunguka, nami nimemnunia kwa ajili ya sukari.

Tangu wakati ule swali lake halijanitoka. Nimesoma kila nilichokipata juu ya zawadi za chanjo, na nimeona kwamba wengi wamelijaribu jambo hili kabla yangu. Marekani, katika jimbo la Ohio, mwezi Mei 2021 gavana alitangaza bahati nasibu kwa waliochanjwa, washindi 5, kila mmoja dola milioni 1. Baadhi ya wataalamu walipolinganisha hesabu baadaye hawakuona ushahidi kwamba fedha zote zile ziliongeza waliochanjwa. Mwenye shaka alibaki na shaka yake.

Lakini ziko habari nyingine. Huko Udaipur, India, watafiti waliweka kambi za chanjo za watoto zinazokuja vijijini kila mwezi bila kukosa. Katika vijiji visivyo na kambi, watoto waliokamilisha chanjo walikuwa 6 kati ya 100. Penye kambi walikuwa 18. Penye kambi na mama akapewa dengu kilo moja kwa kila chanjo, na sahani mwishoni, walikuwa 39. Dengu kilo moja ilifanya kazi kuliko milioni za Ohio!

Na hapa kwa majirani zetu wa Siaya, utafiti mmoja ulioanza mwaka 2013 uligawanya vijiji mafungu manne. Fungu la kwanza halikupewa kitu. La pili wazazi walitumiwa ujumbe wa simu kuwakumbusha tarehe ya chanjo. La tatu ujumbe pamoja na shilingi 75 kwa kila chanjo ikifanyika kwa wakati, na la nne ujumbe na shilingi 200, kwa simu. Watoto waliokamilisha chanjo kabla ya mwaka mmoja walikuwa 82 kati ya 100 pasipo na kitu, 86 penye ujumbe tu, 86 penye shilingi 75, na 90 penye shilingi 200.

Nilizitazama sana hesabu hizo. Kwanza, wazazi wanane katika kila kumi walipeleka watoto wao bila kulipwa na yeyote. Wale ni akina mama kama mama yangu, na hatuwatendei haki tukisema watu wetu hawasogei mpaka waone pesa. Pili, shilingi 75 hazikuzidi ujumbe mtupu, ila 200 zilisogeza kidogo. Nadhani sababu tunaijua sisi tunaopanda boda boda. Siku ya kliniki ni nauli, na ni siku ya soko iliyopotea. Anayekurudishia hicho ulichopoteza hakununui, amekuondolea mzigo njiani.

Hata Busia yetu imewahi kutoa somo kama hili. Kuanzia mwaka 1998 wanauchumi Michael Kremer na Edward Miguel walifuatilia dawa za minyoo katika shule 75 za huku. Dawa ilipokuwa bure, watoto 75 kati ya 100 waliipata. Mwaka 2001 baadhi ya shule zilipowatoza wazazi ada ndogo, chini ya nusu dola kwa mtoto, wakashuka hadi 19. Wazazi ni wale wale, na minyoo ni ile ile. Jiwe dogo tu limewekwa njiani, na watu wamerudi nyumbani.

Basi nikaelewa nilipokosea. Mimi nilimwekea mama zawadi mbele yake, lakini sikumuuliza ni jiwe gani lililo njiani kwake. Tena, mtu mwenye hofu ukimwongezea zawadi, hofu yake inakua. Anajiuliza kama alivyouliza mama, hii ina nini mpaka inanunuliwa?

Nilimpigia simu nikamwomba radhi. Kisha nikamuuliza, "Mama, hasa unaogopa nini?" Kumbe lilikuwa halijawahi kuulizwa na yeyote kati yetu watoto wake. Akaniambia mambo matatu. La kwanza, presha yake, kwamba sindano na vidonge vyake vitagombana. La pili, picha alizoonyeshwa kwenye simu, za watu wanaoanguka. La tatu alilisema kwa sauti ya chini: alisikia kwamba usiku wa kwanza mtu hupata homa, naye analala peke yake. Akipata homa usiku, nani atampikia uji?

Wallahi nililia. Nilikuwa nimeahidi leso, kumbe mama alitaka mtu wa kumpikia uji.

Nilitafuta cheti cha kipimo, nikafunga duka, nikavuka. Asubuhi tulikwenda pamoja kwa boda boda mbili. Muuguzi alimpima presha kwanza, akamweleza kwa utulivu kwamba mwenye presha asiache dawa zake na kwamba ndiye anayehitaji kinga zaidi, maana korona humuumiza zaidi. Akamwambia pia ukweli bila kuficha, kwamba mkono utauma na huenda akapata homa ya siku moja au mbili. Mama akauliza maswali yake yote, hata la zile picha, na hakuna aliyemcheka. Baada ya sindano tukakaa dakika kumi na tano kama tulivyoambiwa. Usiku homa ikaja kweli, ndogo, nami nikapika uji. Kesho yake alasiri alikuwa nje anafagia.

Nilipokuwa naaga aliniuliza, "Na ile sukari iko wapi?" Nikashangaa, nikamwambia si uliikataa? Akasema, "Ile ilikuwa bei. Sasa ilete, sasa ni zawadi."

Ndugu zangu, korona imepoa, lakini chanjo hazijaisha. Kenya ilianza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto Septemba 2019, na Busia ilikuwa miongoni mwa kaunti za mwanzo. Uganda nayo ilianza Aprili 2025. Ni dozi nne, na ile ya nne huja miezi mingi baada ya tatu za kwanza, wakati mtoto anakimbia na mama ameshasahau kitabu cha kliniki. Hapo hakuna atakayempa mtu dengu wala shilingi 200. Tazameni vitabu vya watoto wenu usiku huu. Na wewe mwanafunzi uliye mbali na nyumbani, ukiwa na bibi au mama anayekataa matibabu, usianze na hoja ulizozisoma wala usimtumie pesa kwanza. Muulize anaogopa nini, kisha unyamaze umsikilize. Kama ni nauli, lipa nauli. Kama ni upweke, nenda.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazazi wetu, awarehemu waliotangulia, na atusamehe sisi kwa sauti tulizowapandishia. Amin.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.